Shosho wa Mate

Katika kibanda changu cha kusuka nywele, mtaa wa Lindi hapa Nairobi, nimesikia habari za majini yote ya mji huu pamoja na mahali yanapokaa. Mwanamke mwenye gauni jeupe anayeomba lifti karibu na makaburi ya Lang'ata, kisha anaacha sweta lake kwenye kiti cha nyuma. Muuza mandazi ambaye unga wake hauishi kwa sababu kuna nyoka amejikunja chini ya pipa. Choo cha ploti moja ya vyumba vya kupanga huku kwetu ambacho ukiingia unasikia mtu akikohoa chini yako, kikohozi cha adabu, kama anayekukumbusha kwamba wengine wanangoja.

Mtu anayesukwa hana pa kwenda. Kichwa kikivutwa, mdomo hufunguka. Sijawahi kuzitafuta hadithi hizo, huja zenyewe na kukaa kwenye kiti. Sikuamini hata moja, na sikutaka kuikosa hata moja. Nimezoea kuwaambia wateja kwamba hadithi za mji huu ni kama rasta: nywele za mwenyewe ni kidogo, nyingine zote ni za dukani. Ukitaka ukweli, shika mzizi uulize, hii ni ya nani? Mara nyingi hupati jibu. Mimi nimelipata mara moja tu, na jibu lilikuwa mama yangu.

Mama alikuja kukaa nami baada ya kusahau sufuria motoni mara moja zaidi ya zile ambazo majirani wa Kitui wangeweza kuvumilia. Kaka yangu alimleta pamoja na kuku na mfuko wa ndengu, akanywa chai, akaondoka mbio kabla sijamuuliza maswali. Kusahau kwa mama kulikuwa na utaratibu wake. Alisahau kwamba baba alikufa, lakini hakusahau wimbo hata mmoja. Alisahau chumba changu kiko upande gani wa mtaro, lakini hakusahau adabu, na adabu yake ndiyo iliyotaka kutuua.

Kwetu sisi Wakamba, mzee akikubariki hukutemea mate. Si mate ya dharau. Ni mnyunyizo mdogo tu, kifuani au kwenye viganja vya mikono, pamoja na maneno mema. Mtoto hakuweza kupita mbele ya mama bila kunyunyiziwa. Majirani zangu waliotoka Machakos, Wakamba wenzetu, waliwaleta watoto wao wenyewe, wakafungua vifungo vya shati na kungoja zamu. Wengine walinuna. Mmoja alimsugua mwanawe kifua kwa sabuni ya kipande huku akinitazama, ili nione. Nilimwambia asugue na roho yake pia, tukakaa mwezi mzima bila kusalimiana.

Halafu kuna meno. Meno ya mbele ya mama yamechongwa. Msichana wa wakati wake hakuhesabiwa mrembo mpaka fundi amkalishe chini na kuyachonga kwa patasi ndogo hadi yawe na ncha. Baba, alipokuwa hai, alikuwa akisema kwamba alioa yale meno, mengine yakafuata nyuma. Mimi nilipewa jina la bibi yangu, mama yake mama, kwa hiyo tangu nizaliwe ameniita mwaitu, yaani mama. Ndivyo ilivyo kwa Wakamba wengi. Bibi wa miaka themanini anamwita binti yake mama, na hakuna anayegeuka kutazama.

Siku aliyopotea nilikuwa nimeenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu na mfereji ulitoa maji kwa uchoyo. Niliporudi, ndara zake zilikuwa mlangoni, zimepangwa vizuri, na yeye hayupo.

Tulimtafuta Lindi yote. Mume wangu alikwenda hospitalini na kituo cha polisi. Mimi nilishika njia ya Olympic nikimuuliza kila muuza mboga kama ameona mama mzee, leso nyekundu, miguu mitupu. Wapo watu ambao hofu huwaliza. Mimi hunigombanisha. Niligombana na mwenye duka aliyetaka kujua kwa nini sikumfungia kwa kufuli. Niligombana na Mungu pia, kwa Kikamba na kwa sauti, mbele ya kinyozi, na mteja akanitazama kupitia kioo huku povu likimkaukia kidevuni. Hatukumpata. Usiku huo mvua ilinyesha, na sitauelezea zaidi ya hapo.

Asubuhi mume wangu aliniambia nikae kibandani, kwa sababu kila mtu anakijua na mwenye habari atanijia pale. Yeye na majirani wakaenda tena. Nikabaki na viti vyangu. Ndipo akaja msichana mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anayefanya kazi za nyumbani na kupanga chumba Kawangware. Ilikuwa siku yake ya mapumziko na tulikuwa tumepatana zamani kwamba nitamsuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Nilitaka kumrudisha, lakini mikono ilitaka kazi na sikujua niiweke wapi. Nikamwambia akae. Nilipoitia kichwani mwake ikatulia.

"Mathe, huko kwetu kuna vituko," akaanza, kabla sijamaliza rasta ya kwanza. "Kuna shosho, bibi mzee hivi, ametokea. Hakuna mtu anamjua. Anapiga hodi kwa nyumba za watu, anaongea lugha haieleweki, na akiona mtoto anamtemea mate."

"Mate?"

"Kwa kifua. Halafu anasema maneno yake ya uchawi. Na amevaa gambuti za mwanaume, zile buti za mpira, kubwa hivi. Watu wanamwita Shosho wa Mate."

Aliposema mate, moyo wangu uliruka. Aliposema gambuti, ukarudi chini. Mama yangu hakuwa na gambuti. Alitoka miguu mitupu, ndara nilizikuta mwenyewe. Kawangware nayo iko mbali, ng'ambo ya barabara ya Ngong ambayo hata mimi huivuka kwa sala. Nikajiambia kwamba hii ni hadithi nyingine tu, Wakamba ni wengi na bibi wenye mate ni wengi, nikaendelea kusuka. Nusu ya kichwa ikaisha.

"Na meno yake, mathe," akasema. "Yamechongoka ka ya mamba, haki ya Mungu. Akicheka unayaona yote."

Mkono wangu ukasimama. "Anacheka?"

"Anacheka, na watu wanatoroka."

Nikajua nimeshika mzizi. Nikamuuliza huyo shosho yuko wapi sasa, na nikajitahidi sauti isipande.

"Asubuhi walimkimbiza akaingia kwa ploti ya cucu mmoja, mama mzee wa kanisa, hapo nyuma ya steji ya matatu. Cucu akafunga geti. Lakini kuna katoto alikatemea jana jioni, na tangu usiku kamelala tu, hakaamki. Watu wanasema kasipoamka..." Alisita. "Nikitoka kulikuwa na maboyi wanaitisha tairi."

Kila mtu Nairobi anajua tairi hiyo ni ya nini. Huvishwa mtu shingoni, kisha humwagiwa petroli.

"Huyo ni mama yangu," nikasema.

Aligeuka polepole kunitazama. "Shosho wa Mate ni mathe yako?"

"Inuka twende."

"Na nywele?"

"Inuka."

Tulipanda boda boda moja, sisi wawili nyuma ya dereva. Upande mmoja wa kichwa chake rasta zilikuwa zimelala vizuri hadi begani, na upande wa pili nywele zilisimama wima jinsi nilivyozichana. Upepo ulizidi kuzisimamisha. Nilimpigia mume wangu simu njiani. Sikumbuki nilichosema, ila yeye anashikilia kwamba nilimgombeza.

Huko Kawangware hatukuhitaji kuuliza njia. Watu walikuwa wamejaa mbele ya geti la mabati ya kijani, wengine na ndoo za maji mkononi, wengine wamepandisha watoto mabegani ili waone. Tairi ilikuwepo. Ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya stima, na kijana aliyeileta alikuwa ameikalia. Nilipoiona nilishika mkono wa yule msichana kwa nguvu hadi akaguta.

Mbele ya geti, juu ya kigoda, aliketi mwenye ploti. Alikuwa mama mzee mnene, kitambaa cha kanisa kichwani, wa familia ambazo zilikuwa na ardhi hapo tangu ilipokuwa shamba la mahindi. Alikuwa anamenya viazi. Hakumwangalia mtu yeyote, aliangalia kiazi na kisu tu.

"Nimesema tungoje mtoto aamke," alikuwa anasema. "Akiamka mzima, kila mtu anaenda kwake. Asipoamka tutaita daktari. Daktari, si nyinyi."

Mama wa mtoto alikuwa amesimama kando ya ukuta, mtoto begani amefunikwa shuka. Hakutaka kumlaza na hakutaka mtu amguse. Machozi yalikuwa yamekauka usoni mwake. Nilimwonea huruma na nikamwogopa, kwa sababu maisha ya mama yangu yalikuwa chini ya shuka ile.

"Huyo mzee ni mama yangu," nikasema kwa sauti.

Watu walinipisha, lakini haikuwa kwa heshima. Nilimsikia mmoja akisema, "Na huyu ni mmoja wao."

Mwenye ploti hakuinua kichwa. "Watatu wameshaniambia ni wa kwao. Walikuwa wanataka tu nifungue. Mama yako ametoka wapi?"

"Kitui."

"Na anatemea watoto wa watu mate ya nini?"

"Anawabariki."

Kisu kikasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sema hiyo na nguvu, wasikie."

Nikasema tena. Nilikuwa na hasira sasa, na hasira yangu ina sauti kubwa. Nikawaambia kwamba nimetemewa mate hayo tangu nikiwa kitoto na mpaka leo bado niko hai, na anayetaka kuona uchawi aje anione nikilipa kodi ya nyumba. Wachache walicheka. Kijana wa tairi hakucheka. Akauliza hiyo ni baraka gani ya mate.

"Wewe ulizaliwa juzi, utajuaje?" mwenye ploti akamjibu. "Siku naolewa, cucu wangu alinitemea hapa." Akagusa kifua chake kwa mpini wa kisu. "Mbele ya mchungaji. Na mchungaji akasema amina."

Watu wakanong'ona, lakini hawakuondoka. Maneno ya wazee hayakutosha, walitaka mtoto. Sote tukageukia ile shuka, na mtaa ule ambao haunyamazi ukanyamaza hadi nikasikia maganda ya viazi yakianguka kwenye beseni.

Yule msichana wangu alikuwa jirani wa mama wa mtoto. Alimsogelea taratibu, akamwambia jambo sikioni, akafunua shuka kidogo kuchungulia. Sijui kama ni ule mwanga au ni pumzi yake. Mtoto alifumbua macho. Akakutana na kichwa kile, nusu kimelala, nusu kimesimama, akakikazia macho, mdomo ukaanza kutetemeka, kisha akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Lindi.

Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Mtoto alilia, akageuka, akaanza kutafuta titi kwa hasira, na mama yake akaketi palepale chini akamnyonyesha, huku akicheka na kulia. Alisema mwanawe alikuwa anaota meno, na kwamba wiki nzima nyumba yao haikulala mpaka jana. Kumbe mtoto alikuwa amelipa tu deni lake la usingizi.

Watu walitawanyika wakiwa na uso wa wageni waliofika harusini na kukuta pilau imekwisha. Kijana aliinua tairi yake akaiviringisha kuirudisha kwa fundi wa pancha. Nilimfuata kwa macho hadi alipokunja kona, ndipo nikavuta pumzi.

Mwenye ploti akafungua geti. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi uani, chini ya nguo zilizoanikwa, kikombe cha uji mkononi na gambuti nyeusi miguuni. Alinitazama kwa muda mrefu. Hofu ya tairi ilikuwa imetoka, na nyingine ikaingia kabla mlango haujafungwa: nilidhani hatanijua.

"Mwaitu," akasema, "umechelewa. Wageni wa mama huyu ni wengi, na hawaingii ndani. Wakaribishe."

Nyuma yangu, kwenye upenyo wa geti, nikamsikia mtu akimwambia mwenzake, "Amemwita maitu. Huyo mzee amemwita huyo mwingine mama yake." Kisha nikasikia miguu ikikimbia. Kawangware wengi wanajua Kikuyu, na neno hilo ni karibu sana na letu. Nilijua kinachozaliwa pale, lakini sikujali.

Mama aliinuka, akafungua kola yangu kwa vidole vyake vikavu, akanitemea mate kifuani na kuniombea safari njema, kana kwamba ni mimi niliyepotea. Nililia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya jana. Kwa furaha nikakaa kwenye benchi lake nikamaliza uji wake. Mwenye ploti alifunga geti kwa ndani, akaja mbele ya mama, akalegeza kitambaa shingoni.

"Na mimi," akasema. "Nimekaa kwa hiyo kigoda tangu alfajiri."

Mama hakuelewa Kiswahili chake, lakini shingo iliyoinamishwa aliielewa. Akambariki.

Kuna mambo ambayo sijayajua hadi leo. Sijui mtu asiyekumbuka njia ya chooni alivukaje barabara ya Ngong. Mvua ilinyesha usiku kucha, na nilipomkuta nguo zake zilikuwa kavu, zikinukia moshi wa kuni. Kuna mtu alimwotesha moto. Kuna mtu aliitazama miguu yake mitupu, akavua gambuti zake au akazitoa chini ya kitanda, akampa. Nimemuuliza mama mara nyingi ni nani aliyempa viatu. Hujibu, "Mwenye viatu." Niliziweka nje ya kibanda muda mrefu ili mwenyewe azione azichukue, kisha nikarudi Kawangware kuuliza ploti kwa ploti. Wote walimjua Shosho wa Mate. Hakuna aliyejua habari za mtu mwenye gambuti. Sasa mama huzivaa masika, tope la Lindi likianza.

Hadithi yenyewe iliendelea bila sisi. Imekuja kibandani mara kadhaa, kila mara na nywele zaidi za dukani. Siku hizi shosho huyo ana mama yake mzazi, ambaye ni kijana kuliko yeye, na wote wawili waliondoka Kawangware kwa boda boda isiyo na dereva. Mtoto aliyetemewa anazungumza Kikamba na hajafundishwa. Kuna pia jini la tatu lenye nywele nusu, na huyo ndiye anayeamsha wafu. Msichana wangu anajivunia sana sehemu hiyo. Zamani ningecheka na kuuliza maswali ili hadithi inenepe. Siku hizi nasuka nikinyamaza, na mkono mmoja huwa tayari kwenda kwenye kitasa cha mlango.

Juzi ilisimuliwa tena na mteja mgeni, asiyetujua. Mama alikuwa kwenye kona yake, anachambua ndengu kwenye uteo. Mteja alikuwa Mkamba na alisimulia kwa Kikamba, kwa hiyo mara hii mama alisikia kila neno: meno, mate, gambuti. Alifunga mdomo wake, akavuta miguu yake chini ya kiti. Mteja alipoondoka aliniomba nifunge mlango, jua likiwa bado linawaka. Nikafunga.

Akachambua kidogo, akaacha.

"Mwaitu," akasema, "huyo si jini. Huyo ni mtu mzima amepotea." Akafikiri. "Kwani hana watoto?"

"Anao," nikasema.

"Basi watamtafuta," akasema, akarudia ndengu zake.